Unaporudi Mji Ulikokulia: Mwongozo wa Safari ya Gari, Dodoma na Kanda ya Kati

Watu wengi waliokulia Dodoma, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, Manyoni au Singida walitawanyika mapema. Wengine walifuata shule, wengine kazi, na wengi walikuwa watoto wa watumishi: walimu, mabwana mifugo, wafanyakazi wa reli, wauguzi wa hospitali za misheni. Barua ya uhamisho ilipofika, vitu vilipakiwa kwenye lori na utoto ukabaki huko. Leo watoto hao wana watoto wao, wana magari, na barabara kuu nyingi za kanda hii zina lami. Wanataka kupita tena, walale usiku mmoja au miwili, waone.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: safari hii ni ya watu kwanza, majengo baadaye. Ukienda kutafuta nyumba, mara nyingi utakuta ukuta mpya na geti limefungwa. Ukitafuta watu, hata nyumba iliyobomoka zamani utaonyeshwa mahali iliposimama, nani alilala chumba kipi, na mti upi ulipandwa na mama yako. Hatua zote zilizo hapa chini zinalenga hapo.

Hatua ya kwanza: Chagua msimu

Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu. Kwa anayerudi kwa gari, miezi mizuri ni Juni hadi Septemba. Mavuno yameingia, chakula kipo ndani, wazee wako nyumbani badala ya shambani, na harusi nyingi hufanyika kipindi hicho. Asubuhi za Juni na Julai zina baridi inayowashangaza watu wa Pwani, na upepo wa Julai na Agosti hubeba vumbi. Beba sweta, na kitambaa cha kujifunga usoni. Ukienda Agosti au Septemba utakuta pia zabibu, maana mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka: Februari na Machi, halafu Agosti na Septemba.

Januari na Februari ziepuke ukiweza, na sababu si tope peke yake. Hiyo ni miezi ya palizi, na kaya nyingi zinakuwa zinamalizia akiba ya mwaka uliopita. Mgeni akifika atapikiwa tu, hata kama unga umekopwa kwa jirani. Usimweke mtu aliyekulea kwenye hali hiyo. Kama likizo yako inaangukia wakati huo na huna namna, nenda na unga, maharage na mafuta ya kutosha, uvikabidhi jikoni siku ileile unayofika, kabla sufuria halijainjikwa.

Halafu kuna makorongo. Mito mingi ya huku ni ya mchanga. Sehemu kubwa ya mwaka ni mikavu, watoto wanacheza mpira ndani yake na akina mama wanafukua mchanga kupata maji. Mvua ikinyesha milimani, maji yanashuka ghafla hata pale uliposimama wewe kuna jua. Ukikuta korongo limejaa, zima gari usubiri. Kwa kawaida hupungua baada ya saa chache. Usimfuate mwenye lori aliyevuka mbele yako, maana uzito wa lori na wa gari lako ni vitu viwili.

Hatua ya pili: Tafuta watu kabla hujawasha gari

Chukua daftari uandike majina yote unayoyakumbuka: majirani, mwalimu wa darasa la kwanza, mwenye duka, mama wa maandazi, kinyozi, katekista au ustaadhi. Usijali kama unakumbuka jina la utani tu. Huko ndiko linakofahamika zaidi. Kisha wapigie ndugu zako wakubwa waongezee. Dada mkubwa anakumbuka mitaa yote, na mama, kama yu hai, anakumbuka nani alimzalisha nani.

Kutoka kwenye orodha hiyo unahitaji mtu mmoja tu anayeishi pale mpaka leo, awe mwenyeji wako. Makundi ya WhatsApp ya waliosoma pamoja ni njia ya haraka. Yasipokuwepo, pigia ofisi ya parokia au msikiti, au muulize mtendaji wa kata. Ukimpata, mtumie vocha, maana atakuwa anapiga simu kwa niaba yako. Muulize hasa nani yu hai na nani ametangulia. Ni jambo zito kumuulizia mzee kwa furaha mbele ya mjane wake, na hilo linazuilika kwa simu moja. Ukijua mapema, unafika ukiwa na pole yako na rambirambi yako, hata kama msiba ni wa miaka mingi. Pole haichachi.

Watoto wa watumishi wana ugumu wao. Pale si kwenu kwa asili, huna ukoo wa kukupokea, na jina lako la ukoo linaweza kuwa la Kichaga au la Kihaya katikati ya Wagogo. Usione haya. Mahali ulipopigiwa pasi ya kaptura ya kwanza ya shule ni pako pia, na wenyeji wengi wanalichukulia hivyo. Tofauti ni kwamba wewe unahitaji mwenyeji zaidi kuliko mwenye shangazi pale.

Hatua ya tatu: Ujue mji wenyewe umehamia wapi

Hapa ndipo kanda ya kati inapotofautiana na sehemu nyingine nyingi za nchi, kwa hiyo naomba tutulie kidogo.

Kama familia yenu ni ya vijijini na mizizi yake ni ya kabla ya miaka ya 1970, kijiji unachosimuliwa huenda hakiko pale kinapotajwa leo. Operesheni Dodoma ilianza 1970 na 1971, na baadaye Operesheni Vijiji ikaenea nchi nzima. Watu walitoka kwenye kaya zilizotawanyika wakahamishiwa vijiji vya pamoja, wakati mwingine kilomita kadhaa kutoka pale walipozika wazee wao. Kwa hiyo muulize mwenyeji maswali mawili tofauti: kijiji kiko wapi sasa, na mahame yetu, yaani makao ya zamani yaliyoachwa, yako wapi. Majibu yanaweza kukupeleka njia mbili zisizokutana.

Ukifika kwenye mahame, usitarajie kuta. Nyumba ya asili ya Wagogo ni tembe, yenye paa bapa la udongo juu ya magogo. Ikiachwa bila kukarabatiwa, mvua inaiyeyusha. Kinachobaki ni tuta la udongo lenye rangi tofauti kidogo na shamba linalolizunguka, vigae vya vyungu, pengine jiwe la kusagia lililolalia tumbo, na uzio wa minyaa ulioendelea kukua bila mtu wa kuupunguza. Kama kuna mbuyu, anzia hapo. Mzee anayekuongoza atasimama chini ya mbuyu, atatazama ulipo mlima, kisha ataanza kuhesabu hatua kuelekea ulipokuwa mlango wa zizi. Mfuate nyuma na usimkatize.

Kama ulikulia Dodoma mjini, kilichohama si watu tu, bali mpangilio mzima wa mji. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyopima na kugawa viwanja kwa zaidi ya miaka arobaini. Ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikaenda kwa halmashauri. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Serikali yenyewe ilianza kuhamia kwa nguvu kuanzia 2016, Mtumba ikawa Mji wa Serikali, na Ikulu mpya ya Chamwino ikazinduliwa Mei 2023. Aliyeondoka akiacha Nzuguni, Ihumwa, Iyumbu na Nala zikiwa vijiji vya mtama na uwele, leo atapita katikati ya nyumba za ghorofa asijue yuko wapi. Mabasi ya mikoani nayo yanashusha abiria Nanenane, si pale mjini tulipozoea.

Dawa yake ni kujielekeza kwa vitu visivyohamishika. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na njia yake bado inapita palepale. Kituo cha zamani, Uhindini, kanisa kuu la Anglikana lenye kuba, Mlimwa na miamba mikubwa inayozunguka mji: simama penye kimojawapo, tazama unakojua palikuwa nyumbani, ndipo ufungue ramani ya simu. Ramani inajua majina mapya tu. Kumbukumbu yako inajua ya zamani, na unavihitaji vyote viwili.

Hatua ya nne: Barabara na gari

Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni takriban kilomita 450 kupitia Chalinze, Morogoro, Dumila, Gairo na Kibaigwa. Iringa hadi Dodoma kupitia Mtera ni kama kilomita 260, na Singida hadi Dodoma kama 240. Anayetoka Arusha anapitia Babati na Kondoa. Zamani njia hiyo ilikuwa ya vumbi na mateso, sasa ni lami yote.

Ondoka alfajiri. Kasi ya 50 kwenye makazi iheshimu kila uonapo alama, kwa sababu vijiji vimefuatana na askari wenye tochi wanajua pa kusimama. Faini ya papo kwa papo ni shilingi 30,000 kwa kosa, lakini kilicho kikubwa zaidi ni watoto wa shule wanaovuka. Usiendeshe usiku ukiweza kukwepa: kuna malori yaliyoharibika na kuachwa barabarani bila pembetatu, baiskeli zisizo na taa, na ng'ombe wanaochelewa kurudi zizini. Kagua tairi la akiba kabla hujatoka, maana ukiacha lami ni nchi ya miiba. Beba maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani unahitaji. Anayeelekea Itigi au vijiji vya ndani vya Bahi na Chemba ajaze mafuta mjini.

Simama Kibaigwa hata kama huna haja. Soko lake la mazao ni kubwa, na kwa mtu aliyekulia kanda hii hakuna mahali pazuri pa kuanzia kurudi. Magunia ya mahindi yamepangwa juu kuliko kichwa, wapagazi wanapita na vumbi la unga mabegani, mizani inalia, na Kiswahili unachosikia ni kile chenye mapigo ya Kigogo ulichokizungumza ukiwa na miaka saba. Kunywa chai, sikiliza. Kabla ya hapo, ukipita Gairo, tazama mkono wa kushoto: milima ya Ukaguru. Baada ya hapo miti inafupika na mibuyu inaanza kusimama peke yake mashambani. Anayekwenda Kongwa au Mpwapwa anakunja Mbande. Mpaka Kongwa ni lami. Kutoka hapo kwenda Mpwapwa mpigie mwenyeji umuulize hali ya barabara wiki hiyo.

Kama una mzazi anayetaka kuja lakini mgongo hauruhusu saa nyingi za gari, mpandishe treni ya SGR. Imekuwa ikibeba abiria Dar es Salaam hadi Dodoma tangu Julai 2024. Wewe tangulia na gari, umpokee kituoni. Safari kama hii bila mzazi ambaye bado yupo ni hasara, kwa sababu yeye ndiye anayejua majibu.

Hatua ya tano: Zawadi

Sukari, majani ya chai, sabuni za miche, chumvi, mafuta ya kula, kanga kwa akina bibi, na blanketi kwa mzee kama ni Juni au Julai. Nunua nusu mjini na nusu kwenye duka la hapohapo kijijini, ili na mwenye duka aone umerudi. Fedha taslimu itoe faraghani, mkononi kwa mkono, siku ya kuondoka. Ukianza kugawa noti mlangoni siku ya kwanza, kila mazungumzo yatakayofuata yatakuwa ya noti.

Hatua ya sita: Kufika

Usiende moja kwa moja kwenye nyumba ya zamani. Anza kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, umsalimie, ujieleze, useme utakaa siku ngapi na utafikia kwa nani. Ukitaka kuona shule uliyosoma, pitia ofisi ya mwalimu mkuu na utie sahihi kitabu cha wageni kabla hujachungulia darasa lolote.

Simu iache mfukoni. Nusu saa ya kwanza isiwe na picha hata moja.

Shikamoo zitoe bila ubahili, mpaka kwa yule ambaye huna hakika kama anakuzidi. Na kama ulikulia kwa Wagogo, toa "Mbukwenyi" yako hata kama imeota kutu. Watakucheka kwa upendo, watakusahihisha, na tayari mtakuwa mmeanza kuongea.

Utaulizwa wewe ni wa nani. Jibu lako lisiwe kazi yako, wala cheo, wala ulikosoma. Toa jina la mzazi, na baada ya jina toa kitu ambacho jicho la jirani lilikiona kila siku. Pale Mpwapwa, ambako kituo cha mifugo kipo tangu enzi za Wajerumani, mabwana mifugo wamepita wengi mno, na jina la baba yangu peke yake halikutosha kwa bibi niliyemkuta akipepeta uwele uani.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mwanangu. Pita."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hujambo? Umetoka wapi?"

"Sijambo, bibi. Natoka Dar es Salaam, lakini nilikulia hapahapa."

"Hapa? Wewe wa nani?"

Nikamtajia. Ungo haukusimama.

"Yule bwana mifugo mwenye pikipiki nyekundu, bibi. Tulikaa kota ya mwisho, karibu na bomba."

Ungo ukasimama. "Mwenye pikipiki! Sasa wewe ndiye mkubwa, au yule aliyeanguka mwembeni?"

"Aliyeanguka mwembeni."

"Njoo hapa niuone huo mkono."

Aliukunjua na kuukunja kama muuguzi, akaridhika, ndipo akaagiza kiti. Majina ya watumishi yanachanganyika baada ya miaka mingi. Pikipiki haichanganyiki. Kwa hiyo kabla hujaondoka mjini fikiria: mzee wenu alijulikana kwa nini? Kofia, redio, mbwa, sauti yake kanisani, baiskeli yenye dinamo? Hilo ndilo pasipoti yako.

Hatua ya saba: Nyumba ya zamani

Mtu mwingine anaishi pale. Huenda alinunua, huenda ni kota ya serikali na yeye ni mtumishi kama alivyokuwa baba yako. Bisha hodi ukiwa na mwenyeji wako, jieleze ukiwa nje, na subiri kukaribishwa. Ukikaribishwa, kaa sebuleni au uani. Usiombe kuona vyumba vya kulala. Usiseme "hapa palikuwa pazuri sana zamani", kwa maana anayesikia ni mwenye nyumba, na anasikia kwamba sasa pabaya.

Kuna tahadhari moja ambayo katika Dodoma ya sasa naiona muhimu kuliko zote. Tangu serikali ihamie, ardhi imepanda bei na watu wamechoshwa na madalali, na mipaka inayogombaniwa, na wadai wanaoibuka na karatasi za babu zao. Mgeni anayetembea mtaani akinyoosha kidole, "kwetu kulianzia hapa mpaka kwenye ule mwembe," anatisha. Hata kama una machozi ya kweli machoni, mwenye kiwanja anaona mtu aliyekuja kupima. Kwa hiyo sema wazi mapema, mbele ya mwenyekiti, kwamba umekuja kusalimia na huna dai lolote. Usipige hatua za kupimia, na usipige picha za vigingi vya mipaka. Na kama familia yenu kweli ina dai la ardhi, hilo lina siku yake na ofisi yake. Usilichanganye na safari hii hata kidogo, utapoteza yote mawili.

Hatua ya nane: Makaburi

Kama mlizika mtu pale, nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, pamoja na mtu wa ukoo au mzee wa kanisa au msikiti. Beba panga na jembe. Fyekeni, semeni sala yenu, kisha fanya jambo ambalo wazazi wetu hawakuwa na namna ya kulifanya: hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu, na uwatumie ndugu zako wote saa hiyohiyo. Mji unapanuka. Sheria ya kuhamisha makaburi ya mwaka 1969 inataka tangazo litolewe kabla makaburi hayajahamishwa kupisha matumizi ya umma, lakini tangazo linasaidia familia ambayo ina mtu wa kulisoma. Acha jina na namba yako ya simu kwa mwenyekiti wa mtaa. Ni dakika mbili, na inaweza kuwa sababu ya ninyi kupigiwa simu siku moja badala ya kukuta barabara.

Hatua ya tisa: Kula na kukaa

Kula ulichopikiwa. Ugali wa uwele au mtama na mlenda, ukiwa na karanga ndani, ulaji wake mkono unaukumbuka wenyewe. Watoto wako wakikunja uso, usiwalazimishe na usiwaombee soda mbele ya mwenyeji. Wape maziwa mgando, mara nyingi hayo hayana ubishi. Kama mko Dodoma mjini siku ya Jumamosi, nendeni mnada wa Msalato mkale nyama choma. Ukielekea Mtera kuna samaki, Singida kuna kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti, Manyoni na Itigi kuna asali.

Hatua ya kumi: Sikiliza, na rekodi

Siku ya pili, baada ya salamu kuisha na watu kukuzoea, ndiyo siku ya mazungumzo. Omba ruhusa, weka simu juu ya kigoda ikirekodi sauti tu, halafu iache. Kamera ya video inawafanya wazee wakae kama wanahutubia.

Usiulize "tusimulie historia". Uliza vitu vidogo vyenye mahali: maji tulichota wapi, njaa ile mlikula nini, shule ilijengwa na nani, nani alikuwa na redio ya kwanza, ule mkwaju ulikatwa lini. Kitu kidogo kinafungua kikubwa. Na jiandae kwa kusoma kidogo kabla ya kwenda, ili ukisikia jambo ujue unasikia nini. Mzee wa Kongwa akitaja matrekta ya Waingereza, anazungumzia mpango wa karanga wa 1947 hadi 1951 uliokwama kwa ukame na ardhi ngumu. Akitaja vijana wa kigeni waliocheza mpira na vijana wa kijiji, pengine ni wapigania uhuru: kambi yao ilianza Kongwa miaka ya 1960, na walikuwepo wa FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia, ANC ya Afrika Kusini na wengine. Mzee wa Kondoa akisema "mwaka walipotuondolea ng'ombe", huo ni 1979, mifugo ilipoondolewa kwenye maeneo yaliyoharibiwa na mmomonyoko chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma. Wewe ulikuwa mtoto na uliona tu kwamba maziwa yamekoma nyumbani. Sasa una umri wa kuuliza ilikuwaje, na aliyepitia bado ana sauti ya kujibu. Hiyo ndiyo sababu nasisitiza uende mwaka huu, usingoje gari jipya.

Ukiwa na watoto na mnapita njia ya Kondoa, wapeleke Kolo wakaone michoro ya miambani, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Nyumba uliyozaliwa haiwezi kuwashika kwa muda mrefu. Twiga aliyechorwa na mkono wa mtu maelfu ya miaka iliyopita atawashika.

Hatua ya kumi na moja: Kuondoka

Usiondoke kimyakimya. Rudi kwa mwenyekiti umuage, rudi kwa kila nyumba uliyokula. Utaombwa mambo: madawati, ada, bati la zahanati. Ahidi lile moja ambalo fedha yake tayari unayo, na mengine sema ukweli kwamba utazungumza na wenzako mliosoma pamoja. Ahadi isiyotimizwa ndiyo inayowafanya wenzako watakaorudi baada yako wapokelewe kwa baridi.

Ukishafika kwako piga simu ya kwanza kwa mwenyeji, mwambie mmefika salama. Ndani ya mwezi huo chapisha picha kwenye karatasi. Wazee wengi hawana simu ya kuzionea. Nyuma ya kila picha andika kwa kalamu majina ya waliomo, kijiji, na mwaka. Zitie kwenye bahasha ngumu, andika jina na namba ya simu ya mpokeaji, na zitume kwa basi la Dodoma la asubuhi. Mpe mwenyeji jina la kampuni na namba ya basi, ili awepo kituoni kulipokea.